Posa ya Fidla Nne

Watu wakiniuliza nilimpataje mke wangu, huwajibu kwamba nilimpata kwa muziki, nao hucheka, maana sauti yangu wanaijua. Nikiimba mimi, mbuzi huinuka wakahama kivuli. Lakini ni kweli tupu. Nilimpata kwa fidla nne, piano moja, na mwanamke wa kizungu aliyekuwa akiimba kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Ngoja nisianzie katikati. Mimi ni mtu wa Diani. Miaka hiyo ya hamsini na kitu nilikuwa nimeajiriwa upishi karibu na Munje, katika nyumba ya mjane wa kizungu iliyokuwa juu kidogo ya pwani. Shule nilikwenda kidogo. Nilifika kitabu cha pili, mwalimu akanipa kazi ya kumchungia mbuzi wake, nami nikaona mbuzi wana faida kuliko kitabu. Kwa hiyo ukiona hapa nimeruka, nivumilie, nitarudi.

Memsahebu huyo alikuwa na piano. Sasa piano na bahari hazipatani hata kidogo, chumvi huila kama inavyokula kufuli. Miguu yake tuliisimamisha ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande, na msimu wa mvua niliwasha chemli chini yake kukausha unyevu. Nimewahi kuajiriwa kulea watoto, nimewahi kulea ng'ombe wa watu, lakini kiumbe aliyenisumbua kwa ulezi kuliko wote ni ile piano.

Basi jikoni kwangu alikuwa akija binti mmoja wa Munje kuuza mayai. Katika kila kikapu aliweka yai moja viza, makusudi, kisha akasimama mlangoni kungoja nilivunje. Nikilivunja, jiko likanuka, yeye akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Kuku wenu wana nini?" nikamwuliza siku moja.

"Kuku wetu hawana neno. Hawapendi watu wa Diani tu."

Mwanamke wa kukuchekesha kwa kukuudhi, hao hawapatikani wawili. Nikatuma wazee.

Babake alikwishafariki. Mjomba wake alikuwapo, na kwetu sisi Wadigo mjomba ana neno kubwa. Lakini mjomba yule hakunywa hata uji kabla ya kumwuliza dada yake mkubwa. Kwa hiyo mwenye neno hasa alikuwa huyo dada, mama mkubwa wa yule binti. Na huyo mama ndiye aliyekuwa akiiongoza ngoma ya kina mama pale Munje. Alikuwa mfupi, mnene, ana pengo mbele, na kupitia pengo lile yalitoka maneno yaliyowahamisha watu mji.

Wazee wangu walipokwenda mara ya kwanza, alisema binti bado mdogo. Walipokwenda mara ya pili binti alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, basi hakusema kitu. Aliimba. Alingoja arusi ya watu, mchana kweupe, upatu unalia na kayamba zinachachawa, akanitupia wimbo huu:

*Jogoo la Diani lawika jiko la watu,*
*mbawa zanuka moshi wa mnyama sitamtaja.*
*Likitaka tetea wangu, na likakoge kwanza.*

Mnyama asiyetajwa umekwishamjua. Memsahebu alikuwa akila nguruwe asubuhi, vipande vyembamba, na mpishi ni mimi. Haya, nitasema kweli: nilikuwa nikivigeuza kwa koleo ndefu ya kusukumia makaa, mkono nimeunyosha, uso nimeugeuzia dirishani, na midomo inasoma istighfari. Vingine viliungua. Memsahebu akadhani ndivyo vinavyopikwa huku pwani, akavizoea. Lakini ukitupiwa wimbo huwezi kusimama arusini ukaanza kueleza habari za koleo.

Maana huku kwetu wimbo hauimbwi hivi hivi. Kila wimbo una mwenyewe, na mwenyewe yumo humo humo katika wasikilizaji. Nyinyi wa siku hizi mnasikiliza redio tu, mwaitikia kichwa, hamuulizi anasemwa nani. Sisi tulikuwa tukiuliza hilo kwanza. Na ukitupiwa, una haki ya kujibu kwa wimbo. Ukishindwa, basi umekubali. Na kujibu wimbo usiokuwa wako ni aibu kubwa kuliko zote. Nilimwona mtu mmoja aliyejibu wimbo wa mwenziwe, akachekwa mpaka akawa haji sokoni.

Munje nzima ikangoja jibu langu. Mvua ikapita, ukaja ukavu, mimi kimya. Hata yule binti akaacha kuweka yai viza, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwanamke akiacha kukutania, ameanza kukusahau.

Sasa ndipo akaja yule mgeni. Mzungu mwembamba, suruali kipande, magoti mekundu, aliyeshuka kutoka bara kwa kuwa huko kulikuwa na mambo ya Hali ya Hatari na yeye alitaka utulivu. Akakaa kwa Memsahebu zaidi ya mwezi. Kila siku asubuhi alikuwa akipiga piano: anabonyeza jino moja, ananyamaza, anaandika, analibonyeza tena lilo hilo. Nilidhani kuna mchwa ameingia, nikaenda kutazama makopo. Memsahebu akaniambia, kwa Kiswahili chake kile cha kuamrishia:

"Hapana gusa! Bwana natengeneza wimbo mpya. Mpya sana. Kama hii hapana iko dunia mzima."

Nikasema moyoni, hilo nasadiki.

Wimbo wenyewe ulitaka watu sita. Yeye mwenyewe piano. Mwanamke wa kuimba. Na fidla nne, mbili ndogo, moja ya wastani, na moja kubwa ya kukumbatiwa magotini kama mtoto anayetahiriwa. Watu hao walikuja kwa gari wakivuka kivuko cha Likoni. Wapigaji wawili walikuwa Wagoa, na mmoja wao, mwenye fidla kubwa, alizaliwa Mombasa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Wakafanya mazoezi siku nzima. Kesho yake alasiri wazungu walialikwa kuja kusikiliza, kutoka Mombasa na kutoka Kwale kilimani, nami nilikwishaoka keki.

Usiku ule Mungu akafungua mbingu. Asubuhi barabara haipo. Ilikuwapo, lakini ndani ya maji. Hakuna gari la Mombasa wala la Kwale litakalofika. Viti vimepangwa ukumbini, vitupu. Yule mtungaji akakaa barazani akitazama mvua kama mfiwa.

Memsahebu akaja jikoni. "Wewe! Kwenda lete watu yako. Mingi. Keti, sikiza, kula keki."

Hapo akili ikanipiga mbio. Nikaona mlango wa heshima. Nikajifunika gunia, nikaenda hadi kwa yule mama mwenye pengo, nikasimama nje matone yakinidondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jogoo limekoga leo, naona."

Wanawake waliokuwa wakisuka makuti barazani kwake wakachekea lesoni. Nikasema Memsahebu anamwalika yeye na wenziwe kusikiliza ngoma ya kizungu, na yeye, kwa kuwa ni mwimbaji, amewekewa kiti cha mbele.

Hilo la kiti nililitunga njiani. Lakini mama akauliza, "Kiti cha nani?"

"Kilikuwa cha bwana mkubwa wa Kwale."

"Aha," akasema, na akaitisha leso yake mpya.

Wakaja, kundi zima, na mjomba nyuma yao. Yule binti alikuwa mwisho kabisa. Nikatandika mikeka, hakuna aliyekaa kitini ila mama. Yeye aliketi katika kiti cha mkono cha bwana wa Kwale, miguu haifiki chini, ameikunja lesoni, anatazama ile piano kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mbona miguu yake iko ndani ya makopo?" akauliza.

"Inatibiwa, mama," nikasema.

Wakaanza. Sasa sijui nikueleze vipi. Fidla moja ililia nyembamba, mbali, ikakatika. Nyingine ikakwaruza. Piano ikadondosha moja hapa, moja kule, kama nazi zinazoanguka bila mtu juu. Hapana ngoma, hapana kuitikiana, mguu wako unatafuta pa kukanyaga hauoni. Kisha yule mwimbaji, mwanamke mrefu wa gauni la kijani, akafungua kinywa. Akanong'ona. Akapaza. Akanong'ona tena. Naye kama mwimbaji yeyote alihitaji mahali pa kuweka macho. Wanawake wote wako chini mikekani, aliye juu ni mmoja. Macho akayaweka kwa mama. Tena akanyosha mkono, polepole, kidole mbele, moja kwa moja kwenye kiti cha bwana wa Kwale.

Nikasikia mikekani: "Anasemwa nani?"

"Nawe! Kidole hukioni?"

"Kumbe mpishi amejibu!"

Sikuwa nimefikiri hilo kabisa, naapa. Lakini tazama ilivyokaa: nimetupiwa wimbo, nimenyamaza muda mrefu, kisha nimekwenda mwenyewe kumleta mama, nimemkalisha mbele, na watu sita wanamwimbia usoni. Hata ningekuwa mimi ningesema amejibu.

Yule mtungaji alikuwa ameutia wimbo wake kitu kimoja cha ajabu: kimya. Katikati hasa, wote hukoma pamoja, mikono ya fidla hewani, vidole vya piano hewani, hakuna anayepumua, muda mrefu, kisha huendelea. Wakafika hapo. Wakakoma.

Sasa katika ngoma za kina mama mwenye wimbo akimaliza kutupa, hukoma hivyo hivyo, kayamba juu, kumpa nafasi aliyetupiwa. Ni adabu. Ukimnyima mwenzio nafasi ile, huna ustaarabu.

Mama akashuka kitini. Akajifunga leso kiunoni. Akaimba, na mikekani wakapokea kwa makofi kana kwamba walifanya mazoezi:

*Kuku hana meno, kaazima ya wenyewe,*
*kaazima watu sita na sanduku la kilio.*
*Mwenye haja na mwanangu ana ulimi, na autumie.*

Vigelegele. Mtungaji aligeuka, uso umekuwa pweza aliyetoka chunguni. Mikono ya fidla ingali hewani. Yule Mgoa mwenye fidla kubwa alikuwa akiuma mdomo na mabega yanamtikisika. Memsahebu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia keki.

Aliyetuokoa ni yule mwimbaji wa gauni la kijani. Hakucheka wala hakununa. Alisimama vile vile mpaka mama alipomaliza na kupanda kitini, na mama alipompungia mkono, haya, endelea, akainamisha kichwa na akaendelea pale pale alipoachia.

"Huyu ana adabu ya ngoma," mama akasema kwa sauti. "Amefunzwa."

Walipomaliza nikapitisha chai na keki, vikombe vinazungumza katika sinia. Na hapo mikekani palikuwa na mwanamke mmoja, shoga wa mama na adui wake vile vile, kama mashoga wa ngoma walivyo. Huyo ndiye aliyefungua kinywa.

"Lakini nyie," akasema, "tumejuaje kama wimbo ni wake? Wazungu wamekuja kuimba yao. Isije ikawa mwenzetu kaitika asipoitwa."

Ukumbi ukanyamaza kuliko kile kimya cha mtungaji. Mama hakumtazama yule shoga. Alinitazama mimi. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaona kope zake zikipapatika.

"Wewe mpishi," akasema taratibu. "Lugha yao wewe unaisikia. Maneno yale yamesemaje?"

Yalivyosema niliyajua. Asubuhi Memsahebu alinieleza nikikanda unga: ni wimbo wa msitu wa Ulaya, na barafu inaanguka juu ya miti, na mtu anapita peke yake, akigeuka nyuma anaona nyayo zake zimefunikwa. Basi. Hapana jogoo, hapana posa, hapana mama wa Munje. Barafu tu.

Sasa nipime mimi. Nikisema kweli, kwamba ni barafu, mama amejibu wimbo usio wake mbele ya kundi lake lote, na kesho shoga yule ataongoza ngoma. Nikisema ni wake, basi nimekiri kwamba mimi, jogoo la Diani, nimewaleta wageni kumnyooshea kidole mtu ninayemwomba mwana. Kwa njia yoyote binti nimemkosa. Nikamtafuta kwa macho kule nyuma. Alikuwa ameuma pindo la leso, hacheki.

Nikaweka sinia chini.

"Ni wako, mama," nikasema. "Toka mwanzo hadi mwisho. Ila si wa kujibu, ni wa kuomba. Umesema hivi: nimebisha hodi mara mbili mlango haukufunguka, na sauti sina, Mungu hakunipa. Basi ya tatu nimekuja na watu sita wanibishie."

Yule shoga akafunga mdomo. Mjomba akasema "Alaa!" Mama akatafuna keki, na kope zikatulia.

"Watu sita," akasema mwishowe. "Kwa kelele ile? Hodi ya namna ile si mtu hukimbilia dirishani!"

Wakacheka mpaka mtungaji akaja kuuliza kuna nini. Mama akanyosha kikombe kuongezewa.

"Mwambie warudie. Mara ya kwanza nilisikiliza kwa sikio la vita."

Nilipomfasiria yule mtungaji, machozi yalimlenga. Memsahebu aliniambia baadaye kwamba tangu aanze kutunga hajapata kuombwa arudie. Wakarudia wote, na safari hii mama alifumba macho. Kikafika kile kimya. Wanawake wakamgeukia. Hakuinuka. Ikasikika mvua juu ya makuti, na kuku mmoja uani, na yule binti akipiga chafya. Kisha wakaendelea.

Wakati wa kuondoka niliwapa miavuli. Mama hakuondoka mara moja. Alikwenda barazani alikokuwa yule Mgoa akiipangusa fidla yake kubwa kwa kitambaa, akasimama naye, wakazungumza. Nilikuwa na vikombe mkononi, sikusikia. Nilimwona Mgoa akionyesha juu kwa vidole, akivishusha polepole, vikichezacheza hewani. Nikadhani anamweleza habari ya mvua.

Baada ya siku chache binti akaja na mayai. Nikavunja la kwanza: viza. La pili: viza. Akashika mwimo wa mlango akicheka.

"Mama mkubwa amesema ulete wazee," akasema, "na wewe uache kazi ya nguruwe."

Kazi sikuiacha. Memsahebu akaacha nguruwe, au tuseme nilimwambia nguruwe wa Mombasa wamepatwa na ugonjwa, na ugonjwa ule ukadumu miaka. Lakini hiyo ni hadithi nyingine, nayo ina mtu wa afya ndani yake.

Tukaoana mvua zilipokwisha. Wale sita hawakuja, walikwishatawanyika kila mtu na njia yake, ila yule Mgoa alikuja kwa baiskeli, fidla kubwa mgongoni amefunga kwa kamba kama mzee anayepelekwa hospitali Msambweni. Mchana, pilau imepakuliwa, nimekaa na wazee wangu wa Diani nimevaa kanzu, kina mama wakaingia uwanjani na upatu. Mama mbele. Nikasema moyoni, leo nitasifiwa. Akapaza, na yule Mgoa chini yake anavuta fidla kama mlio wa nyuki mkubwa:

*Msitu wa mbali barafu yaanguka,*
*yaziba na nyayo za mpita njia.*
*Mpishi kanambia ni mchele, nami nikala,*
*nikala nikashiba mbele ya macho ya watu.*

Wanawake wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Waliona ni wimbo wa pilau. Yule shoga wake ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote. Mimi tonge lilinikwama, mjomba akanipiga mgongoni. Nikamtazama mama. Hakunitazama. Alikuwa akicheza, macho juu ya miti, lakini pengo lile lilikuwa nje lote.

Shughuli ilipotulia nikaenda kumwamkia, kama inavyompasa mkwe, magoti nimeyakunja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita baba. Akanifuta punje ya wali kwenye kanzu. "Ati, huko kwenu Diani barafu huanguka?"

"Haianguki, mama."

"Hata huku haianguki," akasema. "Basi kale. Pilau inapoa."